Nehemia Aliomba Barua za Safari

Somo: Nehemia 2:1-8



Wengi wetu katika parishi hii tunao watoto na wajukuu walioko Uingereza. Mara kuna harusi, mara mjukuu amezaliwa, na wazazi wanaitwa. Hapo ndipo huanza habari za pasipoti na viza, na padri huombwa barua. Mtu aweza kudhani haya ni mambo ya ofisini tu, wala hayalihusu Kanisa. Tusome habari za Nehemia.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alipotaka kwenda Yerusalemu kuujenga ukuta, mfalme alimwuliza safari yake itachukua muda gani, na atarudi lini. Naye akataja muda. Kisha akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampitishe, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apate miti. Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, alijitayarisha mapema. Tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, kama miezi minne, alikuwa akiomba na kufikiri. Sisi je? Viza ya kutembelea Uingereza yaweza kuombwa miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka katika wiki 3 baada ya mwombaji kwenda kituoni kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata ikiwa ni barua ya padri, yapasa iambatane na tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri kwa jina, tarehe na sahihi yake. Ada hairudishwi ukinyimwa. Basi anayengoja hata wiki ya mwisho ajue kwamba haraka haraka haina baraka. Bwana wetu alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28).

Pili, alisema kweli. Hapa, ndugu, ndipo penye hatari. Wako vishoka wanaomwambia mzee wa watu aazime fedha, aziweke benki mwezi mmoja zionekane, kisha azirudishe. Wako wanaotengeneza barua za kazi isiyokuwapo. Wako wanaomwomba padri aandike kwamba fulani ni mzee wa kanisa, na fulani huyo hatujamwona kanisani tangu Pasaka. Tusidanganyane: huo ni ushahidi wa uongo, na amri ya tisa haina mlango wa nyuma kwa ajili ya wasafiri. Hata sheria ya nchi ile ni kali, kwa maana aliyedanganya katika maombi yake aweza kukataliwa viza kwa miaka 10. Mama aliyetaka kumwona mjukuu mchanga atamkuta amekwisha kuwa kijana. Na padri aliyetia sahihi, barua yake ya pili nani ataiamini, hata ikiwa ya kweli?

Kumbukeni pia swali lile la kurudi. Mgeni huruhusiwa kukaa miezi isiyozidi 6 kwa kawaida, wala haruhusiwi kufanya kazi. Nehemia alikaa Yuda miaka 12, lakini tunasoma katika sura ya 13 kwamba alirudi kwa mfalme. Neno la Mkristo liwe vivyo hivyo: aliyesema atarudi, na arudi.

Tatu, alimtegemea Mungu. Kabla hajamjibu mfalme aliomba, na alipokubaliwa hakujisifu, bali alimpa Mungu shukrani. Lakini wako watu waaminifu walioandika kweli tupu, na bado wakanyimwa. Hao tusiwacheke, wala tusiseme Mungu amewaacha. Mtume Paulo naye alizuiliwa mara nyingi asifike Rumi, na alipotaka kwenda Bithinia hakuruhusiwa. Zuio halikumfanya adanganye, wala halikumaliza kazi yake.

Basi tukiwa na safari, tukae pamoja nyumbani, tuhesabu gharama, tukusanye karatasi zetu mapema, tuandike lililo kweli tu, kisha tuombe. Viza ikitoka, tuondoke kwa amani. Isipotoka, tutabaki na dhamiri safi, nayo haiuzwi kwa kishoka yeyote.

Mungu awalinde wasafiri wetu wote, kutoka kwao na kuingia kwao, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.