Acheni Kurundika Mabati Jikoni

Ndugu zangu wa Garissa, akina hooyo, mama zetu wa Bula Iftin na wa ng'ambo ya mto huko Madogo, nisikilizeni. Israfu imetuingia, tena haiko kwenye magari wala kwenye dhahabu. Iko jikoni! Hebu inueni pazia lile mtazame: sufuria zilizobonyea matako, mifuniko isiyo na wenzake, vikaangio vilivyobabuka. Kila Ramadhani tunanunua vipya, kwa sababu vya Ramadhani iliyopita vimetoboka. Bei ya chombo kizuri tumekwisha kuilipa mara kadhaa, na chombo chenyewe hatuna.

Wazee wetu walichagua vizuri kutushinda, na aliyewafunza ni ngamia. Mfugaji anayehama kufuata mvua hana stoo. Nyumba nzima, miti yake na mikeka yake, hupanda mgongoni mwa mnyama, na kisicho na kazi huachwa. Ndiyo maana mwanamke aliisuka haan ya maji na dhiil ya maziwa kwa nyuzi za mizizi na magome, akakaza mpaka tone lisipenye. Kisha akaifukiza kwa vijinga vya moto kabla ya kutia maziwa. Moshi ule si urembo: hupunguza vijidudu, na suusac, maziwa yetu ya ngamia yaliyochachuka, hupata ladha yake humo. Chombo hicho kilikuwa mali ya mama, binti akakirithi.

Leo maziwa yale yale ya ngamia tunayatia kwenye jerikeni la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia. Shingo yake haipitishi mkono, na plastiki ikishakwaruzika, uchafu hujificha mikwaruzoni, usugue usisugue. Halafu tunamlaumu dereva maziwa yakiharibika kabla ya kufika Eastleigh, Nairobi! Mkebe wa alumini wenye mdomo mpana huoshwa hadi pembeni na hustahimili maji yanayochemka. Ni ghali, najua. Nunueni.

Mtaniuliza pesa ziko wapi. Ukame ulioanza 2020 ulitumalizia mifugo. Mto Tana ukafurika Novemba 2023, ukarudi tena Aprili 2024. Kweli kabisa, na hapo ndipo ninaposimama mimi. Aliyekimbia maji alibeba vyombo vingapi? Tulidhani nyumba ya mawe imetupumzisha na hesabu ya ngamia, kumbe mto unatudai hesabu ile ile.

Basi chagueni. Uzito kwanza, hasa kwenye tako. Anayepika nyirinyiri anajua: nyama iliyokatwa vipande vidogo haitaki haraka ndani ya samli, na sufuria nyembamba huiunguza chini kabla haijakauka vizuri. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ukinywea, rudisha. Tikisa mikono yake. Weka mfuniko, uuzungushe, uone kama umekaa. Mtume ametuamuru tufunike vyombo vyetu usiku. Utafunika nini kwa bati linaloyumba?

Lakini uzito peke yake usiwadanganye, na hapa naomba mnisikilize kwa masikio mawili. Ziko sufuria nene zilizomiminwa kwa chakavu: kipande cha injini, radieta, chochote kilichookotwa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo vya alumini vya namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi viliachia madini ya risasi vilipochemshiwa asidi hafifu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na haina harufu wala ladha. Muulize fundi alumini yake imetoka wapi. Akibabaika, ondoka! Na mchuzi wa nyanya au ukwaju usilazwe ndani ya alumini, hata iwe nzuri namna gani.

Vikaangio vyeusi visivyogandisha sivitukani, ila si vya moto wetu. Ule utando huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi za Selsiasi, na makaa hayana kitufe cha kupunguza. Kwa anjera, ile chapati yetu ya maji, tafuteni kikaangio cha chuma kizito. Kikaushe motoni, ukipake mafuta kidogo, usikilaze na maji. Kikishika kutu, sugua, paka tena. Mjukuu wako atakipikia.

Wala msidhani nahubiri fahari. Vyombo vya dhahabu na fedha tumekatazwa kulia wala kunywea. Seti ya kabatini isiyoguswa mpaka aje mgeni nayo ni israfu tu, hata ikiwa imetoka Dubai.

Harusi zipo njiani. Mashangazi, mlio na desturi ya kuja kila mmoja na beseni lake na sufuria yake ya bei ya chee, safari hii kaeni pamoja mchange. Muulizeni bibi harusi atapikia watu wangapi, kisha mmnunulie sufuria moja ya kuwatosha, na muipime kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa.