Nafaka Iliyolowa

"Mjomba, picha haina tarehe." Ndivyo anavyoniambia mpwa wangu masika yanapoingia Jambiani, wageni wakakatika na simu ya kazi ikakaa kimya kutwa. Yeye ndiye mwenye kazi ya kurasa za Instagram na Facebook za nyumba yetu ya wageni, na shauri lake si la kijinga. Mitandao humsahau anayenyamaza. Ukurasa ukilala Aprili na Mei, basi Juni, kusi ikishika na watu wa kaiti wakarudi, sisi tunaanza upya. Kwa hiyo tuweke picha kila siku. Na kwa kuwa nje mvua inamwagika, tuchukue zile za Agosti: mchanga mweupe, ngalawa, mbingu isiyo na hata wingu. Nani atauliza zimepigwa lini?

Namkubalia nusu. Wapo wazee wenzangu wanaonitaka niache kuhangaika na simu, maana riziki imeshaandikwa. Hao Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishawajibu katika kitabu chake Ihya: mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyoosha mkono, eti anangoja Mungu amshibishe, huyo hana tawakuli, ana wazimu. Manahodha wa Oman na Ghuba waliokuja kwetu na kaskazi hawakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke, lakini hawakulala. Walipaka majahazi deheni, wakauza, wakadai madeni yao. Kuweka picha ni kunyoosha mkono, na hilo sina ugomvi nalo.

Kinachonikwaza ni nusu ya pili, zile picha za Agosti. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza muuzaji kulikoni. Yule akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika wenzake.

Tazama udhuru wa muuzaji yule. Si yeye aliyeleta mvua. Hatusikii kwamba alitamka neno la uongo, wala kwamba kuna mnunuzi aliyemuuliza akamficha. Kosa lake lilikuwa katika kupanga tu: kavu juu, mbichi chini. Mimi nami masika sikuyaleta, na picha ya Agosti haikughushiwa, ni pwani yangu kweli. Lakini nikiiweka Aprili bila neno, nimepanga rundo langu vilevile.

Mpwa wangu hakubali kirahisi. "Mjomba, mbona muuza machungwa pale sokoni Darajani huweka mazuri mbele, na wewe hununua kwake?" Swali zuri. Kuchagua kizuri si dhambi. Mimi mwenyewe ninapopiga picha chumba hutandika kitanda kwanza. Basi mpaka uko wapi?

Nimefikiri hivi. Pale Darajani mkono wangu unafika. Nageuza chungwa, nalibonyeza, nalirudisha, nachukua la nyuma. Anayelipia chumba akiwa Warsaw mkono wake haufiki. Tena tangu 2016 Instagram, kwa kawaida yake, imeacha kuwapangia watu picha kwa kufuata saa zilipowekwa. Picha humfikia mtu wakati wowote, imetengwa na siku yake, na yeye huipokea kama hali ya leo. Kadiri mnunuzi asivyoweza kuingiza mkono, ndivyo wajibu wa kulipindua rundo unavyohamia kwa muuzaji. Ndiyo maana hoja ya kwamba picha haina tarehe hainipunguzii mzigo, inaniongezea. Kama haina, mwenye kuijua tarehe ni mimi peke yangu, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Tumekubaliana, basi, kila picha iandikwe mwezi wake. Na masika tunaonyesha masika: mvua tangu alfajiri, kinamama wakikimbiza mwani ndani kwa kuwa haukauki, njia imejaa madimbwi, baadhi ya hoteli zimefungwa, chumba nusu ya bei ya Agosti, na jua linalotoka saa kumi likakaa mpaka magharibi. Wanaobonyeza kupenda ni wachache. Wanaouliza ni wachache zaidi, ila maswali yao yana uzito. Mama mmoja alitaka kujua kama baraza inalowa, maana anataka mahali pa kukaa kusoma. Tulimpelekea picha ya baraza, pamoja na ile kona inayovuja.

Sisemi kwamba ukweli unalipa. Wapo wageni walioliona jua kwenye kurasa za jirani wakaenda kwa jirani, na fedha zao zingetusaidia kuezeka upya kabla ya Juni. Wanaohubiri kwamba mkweli hapati hasara sijui wanafanyia biashara wapi. Mimi nimeridhika na dogo kuliko hilo: idadi ya watakaotazama ni riziki, haimo mikononi mwangu, bali namna ya kupanga rundo imo. Tena anayesema kweli kwa sababu inalipa ataiacha siku itakapoacha kulipa, na siku hiyo huku kwetu huja kila Aprili.