Zimwi Linalokujua

Kuna mzee katika gemu ya The Witcher 3 anayejikata sikio kwa kisu mbele yako, kisha anakukabidhi ulibebe. Hakuna aliyemshikia panga. Yeye ni mkuu wa Downwarren, kijiji cha watu fukara kando ya kinamasi, na sikio hilo ni malipo. Wanaolipwa ni vikongwe watatu wanaoishi ndani ya kinamasi na kula nyama ya watu. Kijiji kinaamini kwamba ni hao vikongwe wanaoifanya ardhi izae. Kwa hivyo wakidai, wanapewa. Mzee anafunga jeraha na maisha yanaendelea.

Niliwahi kumwonyesha rafiki yangu kipande hicho kwenye kompyuta yangu. Yeye hachezi gemu, alikuwa anangoja chai tu. Akacheka, akasema: "Si hii ndiyo zimwi likujualo halikuli likakwisha?" Akarudi kwa simu yake. Mimi nimekwama hapo mpaka leo.

Kama hujawahi kuicheza, nitakupa kwa ufupi. Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Poland aliyekuwa akifanya biashara ya manyoya, alichapisha hadithi yake ya kwanza kuhusu Geralt katika jarida la Fantastyka mwaka 1986. Geralt ni mwinda mazimwi. Analipwa kwa kila zimwi analoua, watu wanamhitaji, na watu haohao wanamtemea mate akipita. Hadithi zikawa vitabu, vitabu vikapendwa mno kwao, na kampuni ya Warsaw iitwayo CD Projekt, iliyoanza mwaka 1994 kwa kuuza gemu za wengine, ikaamua kutengeneza yake. Ya kwanza ilitoka 2007, ya pili 2011, na ya tatu, hii ninayoizungumzia, Mei 2015. Imeuza zaidi ya nakala milioni 50. Sapkowski mwenyewe alikuwa amechukua pesa taslimu badala ya asilimia ya mauzo, kwa kuwa hakuamini kwamba gemu ingefika popote. Mwaka 2018 alirudi kudai zloty milioni 60, na mwisho wa 2019 pande mbili zikatia saini mkataba mpya. Ukitaka kujua ugumu wa kuchagua bila kuona mbele, huyo mzee anaweza kukusimulia.

Sasa turudi kwa methali. Tumeisema mara nyingi hadi hatuisikii. Waingereza nao wana shetani wao, yule wanayemjua, na wengi wetu tunadhani methali hizi mbili ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Sikiliza tena: zimwi *likujualo*. Anayejua hapo ni zimwi, wewe ndiye unayejulikana. Shetani wa Waingereza, wewe ndiye umemsoma, unajua anapita njia gani, unaweza kumkwepa. Zimwi letu ndilo limekusoma wewe. Linajua unalala saa ngapi, linajua watoto wako wanasoma wapi, linajua kiasi unachoweza kupoteza bila kufa. Halikumalizi kwa sababu ukiisha, kesho litakula nini?

Ndiyo maana vikongwe wanadai sikio wala si kichwa.

Na methali yenyewe haidanganyi. Haisemi zimwi halikuli. Inasema linakula, ila halimalizi. Nadhani ilitungwa na mtu aliyeliwa akabaki, na kama ushuhuda wa mtu aliyenusurika, ina heshima yake. Mtu akiniambia "mimi nimevumilia hili kwa sababu lile lingine lingeniua," sina cha kumjibu. Shida inaanza pale ushuhuda unapogeuzwa kuwa ushauri, na msemaji si yule atakayeliwa.

Downwarren kuna njia inayoingia kinamasini iliyopambwa kwa peremende. Wakati wa njaa, watoto ambao hakuna wa kuwalisha huelekezwa kwenye njia hiyo. Wanafuata tamu, moja baada ya nyingine, hadi wanafika kwa vikongwe. Kwa hivyo lile sikio la mzee, pamoja na damu yake yote, ni sehemu ndogo tu ya bei. Mzee anakata sikio lake na kusema tumelipa. Kiasi kikubwa kimelipwa na watu wenye umri wa miaka saba.

Mwandishi wa Poland hakuhitaji kwenda mbali kupata wazo la uovu mdogo. Tarehe 13 Desemba 1981, Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi nchini humo. Vifaru vikaingia barabarani, maelfu ya wanachama wa Solidarność wakatiwa kizuizini. Kwa miaka mingi baadaye, hadi uzeeni, jenerali huyo alijitetea kwa hoja ileile: ulikuwa uovu mdogo, kwani la sivyo Wasovieti wangevamia. Wapoland wamebishana juu ya hoja hiyo tangu wakati huo. Sisemi Sapkowski alimwandika Jaruzelski. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekulia huko alipoandika hadithi na kuiita *Mniejsze zło*, yaani Uovu Mdogo, wasomaji wake walishalisikia neno hilo mahali pengine.

Hadithi hiyo imo katika mkusanyo uliotoka 1993, ambao kwa Kiingereza unaitwa *The Last Wish*. Mchawi amejifungia mnarani. Mwanamke aitwaye Renfri anataka kumuua, kwa sababu mchawi huyo alimharibia maisha tangu utotoni. Mchawi anamwomba Geralt amuue Renfri: ni uovu mdogo. Renfri anamwomba Geralt amuue mchawi: ni uovu mdogo. Geralt anawakatalia wote wawili. Kama ni lazima achague kati ya uovu na uovu, basi heri asichague kabisa. Msimamo safi kabisa, sivyo? Kisha anagundua kwamba genge la Renfri linapanga kuchinja watu sokoni ili kumlazimisha mchawi atoke, na kwamba mchawi hatatoka hata wakiuawa wote. Geralt anakimbia sokoni, anaua genge lote, anamuua Renfri. Watu wa soko, waliookolewa bila kujua, wanampiga mawe. Tangu siku hiyo anaitwa Mchinjaji wa Blaviken.

Wasee wengi niliobonga nao wanapenda ile sehemu ya kwanza, ya "mimi sichagui." Inawapa jina zuri la uvivu. Utawasikia: siasa zote ni sawa, ndoa za watu si zangu, mimi niko kando. Lakini hadithi inamfuata Geralt hadi huko kando na kumtoa. Alipokataa kuchagua, hakuna kilichosimama. Genge liliendelea kunoa mapanga, na watu waliendelea kupanga nyanya mezani.

Nina shangazi ambaye methali hii ilitumiwa juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi, na kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Shangazi alikuwa amekuja na mifuko miwili na mtoto mmoja, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba. Wanaume walikaa kwenye viti, yeye akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Waliongea kwa upole, hilo lazima niseme. Hakuna aliyemkaripia. Baba mkubwa ndiye aliyefunga mazungumzo: "Dada yetu, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Rudi, tutazungumza naye." Shangazi akajibu, "Nimesikia, kaka." Akarudi. Mwaka na nusu baadaye akaondoka tena, na safari hii hakupitia kwetu.

Leo anaishi chumba kimoja Kayole na anauza viazi karai jioni. Sitaki kukuuzia hadithi ya mwanamke aliyeondoka akafanikiwa. Hana pesa, mgongo unamsumbua, na yule mtoto hakumaliza shule. Baba mkubwa, hadi alipofariki, alikuwa akisema: tulimwambia. Na ukihesabu shilingi kwa shilingi, mtu anaweza kumpa haki. Nyumba aliyoiacha ilikuwa na vyumba vitatu na maji ya mfereji.

Gemu nayo ina mtu kama huyo. Anaitwa Anna, mke wa yule baba mnene wanayemwita Bloody Baron, askari aliyetoroka jeshi na kujitwalia ngome wakati wa vita. Unapokutana naye mara ya kwanza unampenda, ukweli usemwe. Anachekesha, anapenda kunywa, anakusaidia kumtafuta Ciri, binti uliyemlea. Polepole unagundua kwamba mkewe na binti yake hawakutekwa na mtu. Walimkimbia. Alikuwa akimpiga Anna miaka mingi. Anna, akiwa na mimba asiyoitaka, alikwenda kwa vikongwe wa kinamasi wamwondolee, na malipo yakawa kuwatumikia mwaka mzima. Kazi yake huko ni kuwalea wale watoto wa njia ya peremende.

Yaani Anna alifanya kinyume cha methali. Alikimbia zimwi linalomjua, akaangukia mazimwi matatu. Baba mkubwa angetikisa kichwa hapo.

Lakini hesabu hiyo inaanzia wapi? Ndilo swali ambalo "tulimwambia" hukwepa. Inaanza siku Anna alipoondoka, na kila baya lililofuata linaandikwa kwenye daftari lake. Miaka ya ngumi haimo. Aliyempiga anatoka ndani ya hesabu kabisa, anakuwa kama hali ya hewa, kitu kilichokuwepo tu. Methali inasaidia kazi hii bila kukusudia, maana ikishamwita mtu zimwi imemsamehe. Zimwi hula, ndiyo maumbile yake, nani atalishtaki? Ila mume wa shangazi hakuwa zimwi. Alikuwa fundi wa redio, na kwa wateja wake alikuwa mpole sana.

Kuna uamuzi mmoja katika sehemu hiyo ya gemu ambao wachezaji wamebishana juu yake tangu 2015. Chini ya mti mmoja mkubwa amefungwa roho. Vikongwe wanataka umuue. Roho anakuambia ukimfungua atawaokoa watoto. Huna njia ya kujua kama anasema kweli. Ukimuua, watoto wanatoweka na unajua wamekwenda wapi. Ukimfungua, anatimiza ahadi, watoto wanaokolewa, lakini anaangamiza Downwarren, na hasira ya vikongwe inamshukia Anna, ambaye anageuzwa kiumbe cha kutisha na kufa. Mumewe anajitia kitanzi.

Mimi nilimfungua. Ningemfungua tena. Wapo wanaosema kijiji kilistahili, kwa kuwa ndicho kilichotandaza peremende, na hapo siwafuati, kwa sababu kijiji si mzee wa sikio peke yake. Kuna waliozaliwa hapo mwezi uliopita, na wapo ambao hawakuulizwa. Sina hesabu ya kukuonyesha kwamba watoto kadhaa wanazidi kijiji kizima. Nilichojua wakati ule ni kwamba upande mmoja ulikuwa na watu waliozoea kulipa kwa miili ya wengine, na wale wengine walikuwa mbele yangu, wana majina, walikuwa wamecheza kibemasiku nami dakika chache zilizopita.

Pengine utasema: si unaweza kurudi nyuma? Gemu inahifadhi, ukikosea unaanza tena. Watengenezaji walilifikiria hilo tangu ile ya kwanza ya 2007. Waliyachelewesha matokeo makusudi, unachagua leo na unaona saa kadhaa baadaye, wakati kurudi nyuma kunamaanisha kutupa jioni nzima. Bado inawezekana, ukitaka. Katika kile kikao cha sebuleni, waliokuwa na nafasi ya kurudi nyuma walikuwa kwenye viti. Ushauri wao ukiharibika, wangeitisha kikao kingine.

Sasa, ule mwisho mwingine, wa kumuua roho. Anna anabaki hai lakini akili imemtoka. Mumewe analia, anaacha pombe, anaamua kumpeleka kwa mganga anayemjua huko milima ya mbali. Wachezaji wengi wanauita huu mwisho mzuri. Nimewasikia wakisema angalau mzee amebadilika, angalau wako pamoja. Nimeutazama mara mbili. Kila mtu kwenye kile kipande anazungumza: baron anazungumza, binti yao Tamara anazungumza, Geralt anazungumza. Anna anamumunya maneno yasiyoeleweka, na anaondoka na mwanaume aliyempiga miaka yote hiyo, ambaye sasa ndiye anayejua anakopelekwa.

Nilimsimulia shangazi sehemu hiyo, siku moja nikimsaidia kumenya viazi. Hakuniuliza kama ni gemu au sinema. Aliuliza, "Na huyo mama, kuna mtu alimwuliza anataka kwenda wapi?" Nikamwambia hapana, alikuwa hawezi kujibu. "Sijauliza kama alijibu," akasema, akanisogezea beseni lingine.