Ugeni, Madhara na Haki ya Jirani

Madiwani wa jiji wanapokaa kujadili iwapo mkaazi aruhusiwe kufuga kenge katika nyumba ya ghorofa, au iwapo gari linalolala kando ya barabara litozwe ada, wengi huona kwamba wanashughulikia mambo madogo, na kwamba maswali mazito ya haki na uhuru yana mahali pake bungeni au katika vyuo vikuu. Mtazamo huo haustahili kukubaliwa. Ni katika sheria ndogo, yaani kanuni ambazo mamlaka za miji hujitungia kwa ajili ya maeneo yao, ndipo watu wasiochaguana na wasioshiriki imani moja hulazimika kuamua ni nini jirani anaweza kumdai jirani yake, na swali hilo lilikuwa la kidini na la kifalsafa kabla halijawa la kiutawala.

Fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za matendo ya watu, ilijenga jibu lake juu ya kanuni iliyotokana na hadithi, kwamba mtu asidhuru wala watu wasidhuriane, kanuni ambayo baadaye iliingizwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia wa dola ya Uthmaniya ulioanza kutolewa mwaka 1869. Katika karne ya 14 mjini Tunis, Ibn al-Rami, mwashi aliyewahudumia makadhi kama mtaalamu wa majengo, aliandika kitabu kizima juu ya kuta, vichochoro, moshi, harufu na kelele. Humo mna njia ya kupima malalamiko ya jirani anayedai kwamba kinu cha mwenzake kinatikisa ukuta: punje kavu za giligilani huwekwa juu ya karatasi, kinu kikazungushwa, na punje zikicheza, mwenye kinu huzuiwa. Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko udogo wa punje zenyewe, kwa sababu linaondoa hukumu katika chuki ya mlalamikaji na kuiweka katika kitu ambacho pande zote mbili zinaweza kukiona. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alifika karibu na hapo mwaka 1859 alipotetea rai kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima ila kwa kuzuia madhara kwa wengine, ingawa yeye alianza na uhuru wa mtu mmoja, na mafakihi walianza na ujirani wenyewe.

Mijadala ya wanyama wasio wa kawaida katika miji ya Marekani inaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyosahaulika kwa urahisi. Jiji la New York linakataza kufuga fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye anaruhusiwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, na mwaka 2015 pendekezo la kuondoa katazo hilo lilishindwa kupata kura za kutosha katika Bodi ya Afya ya jiji. Hoja za kiafya zilitolewa, hasa hofu ya kuumwa kwa watoto wachanga, na hoja hizo zinastahili kusikilizwa. Lakini mbwa naye huuma, na hakuna diwani anayefikiria kumfukuza mbwa mjini, kwa kuwa macho yamekwisha kumzoea. Ugeni wa kitu umechukua nafasi ya madhara yake. Kwa upande mwingine, hatari ya kweli ipo na haina haja ya kutiwa chumvi: mwezi Oktoba 2011, karibu na mji wa Zanesville katika jimbo la Ohio, mfugaji aliwafungulia makumi ya wanyama wakali, na polisi wakalazimika kuwaua wengi wao, wakiwemo simbamarara 18. Jimbo hilo lilitunga sheria ya wanyama hatari mwaka uliofuata, na hakuna falsafa ya uhuru inayoweza kuilaumu kwa haki.

Suala la maegesho lina sura iliyo kinyume, kwa kuwa hapo ndipo mazoea yanapoficha madhara. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipoorodhesha maovu ya barabarani katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din alitaja kumfunga mnyama wa kupanda njiani kiasi cha kuwabana na kuwachafua wapitao, akaruhusu tu muda wa haja ya kupanda na kushuka, kwa hoja kwamba manufaa ya barabara ni ya wote na hakuna mwenye ruhusa ya kujitengea sehemu yake kupita haja. Ni vigumu kupata kanuni ya maegesho iliyo wazi kuliko hiyo. Miji ya Marekani ilifuata njia nyingine kabisa. Columbus, mji mkuu wa Ohio, ulianza mwaka 1923 kuyataka majengo ya nyumba za kupangisha yawe na maegesho, miji mingine ikafuata, na gharama ya nafasi hizo ikaingizwa katika kodi ya nyumba na bei ya bidhaa, hata kwa wasiomiliki gari. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba kinachoitwa maegesho ya bure hulipwa na kila mtu isipokuwa mwenye gari akiwa katika hali ya kuegesha, na kwamba gari la kawaida husimama takriban asilimia 95 ya maisha yake. Buffalo ilifuta masharti hayo mwaka 2017, na Austin mwaka 2023, baada ya mabishano marefu ambamo wapinzani waliuona ufutaji huo kama kunyang'anywa haki. Haki ya kulaza chuma juu ya ardhi ya umma usiku kucha bila malipo ni haki ya namna gani, hilo halikujibiwa.

Anayedhani kwamba ugeni ni sifa ya kitu chenyewe na autazame Mji Mkongwe wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari na punda ndiye mbebaji wa mizigo. Huko punda aliyesimama njiani ni jambo la kila siku, na gari ndilo lingezua mjadala.

Hata hivyo, kipimo cha madhara kina upungufu mmoja kikiachiwa majirani peke yao, kwamba mnyama anayejadiliwa hana kiti barazani. Hadithi inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na Jeremy Bentham, mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, aliuliza mwaka 1789 swali lililo muhimu kuliko la akili au usemi wa wanyama, yaani kama wanaweza kuteseka. Mwaka 2000 jiji la Boulder, Colorado, liliongeza katika sheria zake kwamba mtu ni mlezi wa mnyama wake, na San Francisco ikafanya vivyo hivyo mwaka 2003. Wakosoaji waliona hayo ni mapambo ya lugha, ilhali yanakaribiana na fikra ya amana, kwamba kilicho mikononi mwa mtu amekabidhiwa na ataulizwa juu yake. Kwa msingi huo yapo makatazo yaliyo sahihi kwa sababu ambayo madiwani hawakuitaja: nyani au paka mwitu aliyefungiwa chumbani hukatazwa kwa ajili yake mwenyewe, hata kama hakuna jirani aliyesikia sauti yake.

Diwani anayepiga kura ya kukataza, basi, ana wajibu wa kuonyesha ni nani anayedhurika na kwa kiasi gani, na akishindwa kuonyesha, aache watu na wanyama wao. Na wajibu huohuo unamtaka alitazame gari lake mwenyewe lililo nje ya ukumbi na aulize limekalia nafasi ya nani.