Kuaga si Kuuliza

Nimepewa wiki tatu za kujibu. Shirika moja la ndege la nchi za Ghuba liko tayari kuniajiri kama rubani msaidizi kwenye ndege za masafa marefu. Mshahara walioutaja haukatwi kodi, na ni karibu mara nne ya ninaoupata sasa nikirusha pangaboi kati ya Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Unguja. Mke wangu anafundisha kemia katika sekondari ya serikali. Tuna binti wa miaka saba na mvulana wa miaka mitatu. Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari, na sisi ndio tunaohakikisha dawa zake hazikatiki.

Nikienda, nitakwenda peke yangu. Hilo tulikubaliana tangu siku ya kwanza. Mwalimu akiacha ajira ya serikali hana uhakika wa kuipata tena, na kibali chake cha kuishi kule kingetegemea kazi yangu. Marubani wote tunaukumbuka mwaka 2020, corona ilipofunga anga. Mashirika makubwa ya Ghuba yaliwaachisha kazi marubani wa kigeni kwa mamia, na kule kazi ikiisha, ruhusa ya kukaa nayo inaelekea kwisha. Lazima mmoja wetu abaki na miguu yake ardhini.

Karibu kila niliyemweleza anashangaa kwamba bado nafikiria. Baba mdogo aliniambia kwenye simu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Saini." Wenzangu kazini wananipigia hesabu ya nyumba, ada za watoto, bima ya mama. Nami nazipiga. Lakini kila hesabu juu yake ina maneno yale yale, "kwa ajili yao", na hayo ndiyo ninayotaka kuyapima kabla ya kuweka saini. Je, mtu anaweza kuwafanyia wenzake jambo kwa ajili yao, na jambo lenyewe likawa ni kuwaondokea?

Niseme kwanza lililo wazi: sehemu ya safari hii ni kwa ajili yangu. Nataka kuvuka Bahari ya Hindi usiku nikiwa na abiria mia tatu nyuma yangu. Shirika letu la taifa lilipokea Dreamliner yake ya kwanza Julai 2018, lakini viti vya mbele vya ndege kama hizo ni vichache na foleni yake ni ndefu. Sioni ubaya wa kuitamani kazi kubwa. Ubaya naona unaanza pale tamaa yangu inapovishwa kanzu ya sadaka, halafu nikataka watoto wanishukuru kwa kitu nilichokitaka mwenyewe.

Swali hili si geni nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Aliondoka miezi tisa, miezi kumi, akarudi kwa wiki chache, akaondoka tena. Kwa fedha za bahari alinunua kiwanja Kange, na kiwanja hicho ndicho mama alichokiuza nilipotaka kwenda kusomea urubani. Leseni niliyonayo mfukoni imelipwa kwa miaka ambayo baba hakuwepo. Siwezi kuila nazi na kuutukana mnazi.

Lakini najua pia bei yake, kwa sababu niliilipa upande wa mtoto. Haikuwa kubwa ya kusimulia. Hatukulala njaa, hatukufukuzwa shule. Ila baba aliporudi nilimwamkia kama mgeni, shikamoo, kisha nikakaa mbali nikisubiri mama anitume mahali. Viatu alivyoniletea vilikuwa vya mguu wa mwaka uliopita. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwetu methali hii ilifanya kazi kila siku. Shule ipi nisome, chuoni nifundishwe Kurani na mwalimu gani, niadhibiwe au nisamehewe, yote aliamua mama. Baba alipojaribu kuamua, tulimtazama mama kwanza kuona kama anakubali. Naye aliliona hilo. Siku hizi huwa nadhani ndiyo maana alikuwa akirudi baharini kabla likizo haijaisha.

Mwezi huu nilimuuliza mama kama baba alikosea. Alinyamaza kidogo. "Hakukosea," akasema. "Tulikula, mkasoma. Ila baba yako hakuniuliza hata siku moja. Aliniaga."

Tangu siku hiyo nayapima maneno hayo mawili. Anayeaga amekwisha amua. Anakuja na begi mlangoni, anataka radhi na dua, na wa kubaki hana la kufanya ila kutoa. Anayeuliza anaacha nafasi ya kujibiwa hapana. Kwa nje vitendo vyote viwili vinafanana: watu wameketi, wanazungumza kwa upole, mwishoni mmoja anasafiri. Wengi wetu tunaaga na kuamini tumeuliza.

Hata neno la kazi yangu linanikumbusha jambo. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini, anayejua mwamba uko wapi na mkondo unapita wapi, akakiongoza chombo mpaka bandarini. Majahazi yalishuka kutoka Ghuba kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Sisemi wake wa mabaharia wale walikuwa na raha. Wengi walisubiri, na wapo waliosubiri mtu aliyekwisha zama. Lakini upepo ulikuwa na majira yake, na majira hayo hayakujali tamaa ya nahodha. Mke aliyebaki pwani aliweza kuihesabu miezi na kujua chombo kikitarajiwa ni lini. Mkataba wangu hauna kusi. Ratiba ya kazi hutoka mwezi kwa mwezi, likizo huombwa, na tiketi za wafanyakazi hutegemea kiti kubaki wazi. Desemba, wakati kila mtu anataka kwenda kwao, viti havibaki wazi. Mshahara unaweza kuniita nibaki mwaka mmoja zaidi, kisha mwingine. Hakuna upepo utakaonigeuza; itabidi nigeuke mwenyewe.

Watu hunijibu kwamba siku hizi si kama zamani, kuna simu za video. Ni kweli. Saa ya Doha na saa ya Dar es Salaam ni moja, na kwa ndege ni safari ya saa sita hivi. Nitawaona watoto wakila chakula cha jioni. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akichemka homa usiku wa manane, mimi nitakuwa naitazama homa hiyo kwenye kioo, au nitakuwa angani juu ya nchi nyingine na simu imezimwa, na mtu mmoja yule yule ndiye atakayetafuta bajaji. Fedha zangu zitalipa bajaji hiyo na hospitali hiyo, na si jambo dogo. Wapo wanaokosa vyote viwili. Ila tusiite kulipa kuwa ni kuwepo.

Mwaka 1976 mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika makala kuhusu bahati na maadili. Mfano wake mkuu ulikuwa mchoraji anayeiacha familia yake ili akaishi kisiwani na kuchora, na alimpa jina la Gauguin. Paul Gauguin wa kweli alikuwa na mke na watoto watano alipopanda meli kwenda Tahiti mwaka 1891. Binti yake Aline alifariki mwaka 1897, na baba alizipata habari hizo kwa barua. Hoja ya Williams ni kwamba mtu kama huyo hawezi kujua, siku anayoamua, kama uamuzi wake utakuja kuwa na maana. Inategemea kama picha zitakuwa kubwa, na hilo liko mbele asikokuona. Akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: hata akifanikiwa, wale aliowaacha hawalazimiki kusema yameisha. Mafanikio yake yanaweza kumpa sababu yeye, na wao wakabaki na malalamiko yao halali.

Mimi si Gauguin. Fedha nitakazopata zinarudi nyumbani, hazinunui rangi. Lakini kwenye bahati tunafanana. Siku ya kusaini sijui kama shirika litadumu, kama mama atakuwa na afya, kama cheti changu cha afya, ambacho bila hicho siruki, kitapita kila kinapokaguliwa. Na kwenye lile la pili tunafanana kabisa. Nyumba ikisimama nitaonyesha nyumba. Kijana wangu akija kuniambia kwamba hakuhitaji nyumba akiwa na miaka minne, sitakuwa na haki ya kumwonyesha risiti.

Kuna hesabu ya muda pia. Nina miaka thelathini na nne. Kwa kanuni za kimataifa rubani wa ndege za abiria anaweza kuruka mpaka afikishe miaka 65. Miaka mitatu ni kipande kidogo cha kazi yangu. Kwa yule mdogo ni umri wake wote tangu azaliwe. Tukisema "miaka mitatu tu", tunatumia kipimo cha mtu mzima kupimia maisha ya mtoto. Naye ndiye hasa asiyeweza kuulizwa. Binti aliuliza kama nitakuwa narudi usiku. Mdogo alitaka kujua kama ndege ina pembe. Hao wataamuliwa na wazazi, kama watoto wote. Kwa hiyo anayeweza kuulizwa aulizwe kweli, maana anajibu kwa niaba ya watatu.

Nilimuuliza. Tulikuwa tumeshalaza watoto. Nilieleza mshahara, likizo, siku za mapumziko, kila kitu, nikamaliza kwa kusema, "Je, unakubali?" Alinitazama.

"Baba watoto, hilo si swali," akasema. "Nikikataa leo nitakuwa mke aliyekuzuia kuruka, na utanikumbusha bila kusema neno. Niulize hivi: mwaka wa pili nikikuambia rudi, utarudi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mkataba una jibu lake. Shirika linalipia mafunzo ya ndege mpya, na anayeondoka kabla ya miaka mitatu hulirudisha deni la mafunzo kulingana na miezi iliyobaki. Ndiyo yake ya leo ingemfunga mpaka siku ambayo mimi ningeweza kumudu kuifungua. Ridhaa isiyoweza kuondolewa inakaribia sana kuwa kuaga.

Kwa hiyo tulichukua daftari tukapanga upya. Kama nitakwenda, fedha za kwanza hazitanunua tofali. Zitawekwa kwenye akaunti yenye jina lake mpaka zitoshe kulipa deni hilo na tiketi moja ya kurudi. Hatalazimika kutoa sababu. Kwa hesabu yetu ni miezi minane ya kuweka akiba kabla kiwanja chochote hakijatajwa. Baba mdogo alipoisikia alicheka kwa uchungu. "Unaweka hela za kuvunja mkataba kabla hujauanza?" Nilimwambia ndiyo, baba. Hakuelewa, na sikumlaumu. Kwa kizazi chake fedha ya mbali ilikuwa ya kujengea.

Mpango huu hauondoi bei. Mdogo atakua mwaka huo nisipokuwepo, na akaunti haimrudishii mwaka. Unabadilisha kitu kimoja tu: nani ameshika ufunguo. Nimewaandikia watu wa ajira nikiomba jedwali la deni la mafunzo, mwezi kwa mwezi, kwa maandishi. Wakikataa kulitoa, sitasaini. Wakilitoa, litakwenda kwanza mezani kwa mke wangu, pamoja na madaftari ya kemia anayosahihisha, naye atachukua siku zote anazotaka kati ya zile zilizobaki.