Vigingi, Kila Kimoja kwa Jina Lake

Sura ya 4 ya Kitabu cha Hesabu huwa tunairuka. Ina majina magumu na idadi za watu, na hakuna muujiza ndani yake. Wiki hii naomba tukae nayo, kwa kuwa inahusu kazi ambayo makanisa yetu huifanya mara nyingi, tena vibaya: kuondoa kitu mahali pake.

Wingu likiinuka, kambi ya Israeli inang'oka, na hema ya kukutania lazima ishuke. Mungu haruhusu kila mwenye nguvu aje avute panapovutika. Haruni na wanawe wanatangulia kuingia. Wanashusha pazia, wanafunika sanduku kwa pazia lilo hilo, kisha ngozi, kisha nguo ya buluu. Kati ya Walawi, Wakohathi wanabeba mabegani bila kugusa kilicho ndani. Wagershoni wanachukua mapazia. Wamerari, wanaume 3,200 wenye umri wa miaka 30 hadi 50, wanapewa mzigo usio na sifa: mbao, mataruma, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Mstari wa 32 unaagiza kwamba vyombo hivyo wapangiwe kimoja kimoja, kwa majina. Yaani hata kigingi, kipande cha kupigwa nyundo ardhini, kina mtu wake wa kukibeba.

Mstari huo nilikuja kuuelewa katika kibanda cha toliye, fundi wa bodi za magari, huko Uvira, nilipoketi nikimtazama akivua mapambo ya nje ya Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe. Kiwanda cha mwisho kuitengeneza, cha Puebla nchini Meksiko, kiliacha Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutengenezwa duniani kote. Siku hizi, barabarani kati ya Kamanyola na Uvira, utahesabu Toyota mpaka uchoke kabla hujaona moja ya aina hiyo. Mwenye gari alitaka lipakwe rangi upya. Ubavuni lina mikanda myembamba ya aluminiamu inayong'aa, toka mbele, kupitia mlangoni, hadi nyuma. Mikanda hiyo haikubandikwa kwa gundi. Imekaa juu ya vibanio vidogo vya springi, na kila kibanio kimeingia katika tundu lake kwenye bodi.

Fundi mwenye haraka huchomeka bisibisi katikati ya mkanda, akakandamiza, mkanda ukaruka. Kutoka unatoka. Ila aluminiamu nyembamba ikishakunjika hainyooki tena sawasawa. Utaigonga, utaisugua, na jua likiipiga kovu litaonekana. Na pale bisibisi ilipoegemea, rangi imekwanguka hadi kwenye chuma, na kutu imefunguliwa mlango.

Toliye yule alianza na maji na sabuni, maana mchanga uliojificha chini ya mkanda hukwangua rangi mara tu mkanda unaposogezwa. Akabandika utepe wa karatasi juu na chini yake. Kisha akaliacha gari juani, naye akaenda kunywa chai. Bonde letu la Ruzizi halina haja ya mashine ya kupasha joto; saa sita mchana mpira na plastiki za zamani hulainika kidogo, wakati kwa baridi ya asubuhi ya Bukavu zingekatika. Kibanio kilichoshikwa na kutu alikitilia tone la mafuta kwa upande wa ndani, akangoja. Kifaa chake kilikuwa kabari ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, pamoja na kipande cha plastiki alichokata kwenye bidoni kuukuu. Nilipomuuliza kwa nini asitumie chuma, alinijibu kwamba kama lazima kitu kiumie, basi iumie kabari.

Akaanzia mwishoni mwa mkanda. Alikitafuta kibanio cha kwanza kwa kidole, akainua pale pale penye kibanio, kidogo tu. Akaenda cha pili, cha tatu, akarudi cha kwanza. Mkanda ukapanda wote kwa pamoja bila kujua umeondolewa. Kwa nembo ya mbele, alifungua boneti kwanza, akaisukuma taratibu kwa ndani, maana vijino vyake huvunjika ukiivuta kwa nje. Kwa magari ya siku hizi, ambayo nembo zake hubandikwa kwa gundi, alisema hupitisha mshipi wa nailoni wa wavuvi nyuma yake, akivuta huku na huku hadi gundi ikatike. Wako wanaolowesha gundi hiyo kwa esansi. Hapa Sange sina haja ya kuhubiri habari za esansi. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji wetu likawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa, miongoni mwao waliokuwa wameketi kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Acheni mshipi ufanye kazi yake.

Kisha likaja lile lililonikumbusha Wamerari. Kila mkanda aliubandika karatasi: kushoto, mlango, kulia, nyuma. Vibanio akavitia katika kopo la maziwa, nalo akaliandika. Gari lilikuwa bado halijapakwa hata tone la rangi, naye tayari alikuwa anafikiria siku ya kurudisha.

Akaniambia pia habari ya ujanja ambao mwenye gari haugundui upesi. Mkanda ukishapinda, fundi mwingine hasemi kitu. Anaziba matundu kwa mastiki, anapiga msasa, anapaka rangi. Gari linatoka limependeza, ubavu umenyooka. Siku utakapopata mkanda mzima wa kuurudishia, huna pa kuushikiza.

Wapendwa, tuseme wazi. Kuna nyakati ambapo mzee wa kanisa, shemasi au kiongozi wa kwaya lazima aondolewe katika huduma. Chini ya mkanda unaong'aa maji hukaa, na kutu huanzia hapo hapo. Kuna makanisa yasiyopenda kuvua kitu. Yanafunika kwa gazeti na kupaka rangi kandokando, na miezi michache baadaye rangi inabanduka pembeni, kila mtu anaona. Paulo katika 1 Wakorintho 5 hakufunika kwa gazeti. Wanaodhani upole ni kunyamaza wasome sura hiyo kwanza.

Lakini tazameni tunavyovua. Jina la ndugu linatangazwa kwenye mikrofoni kabla ya mtu yeyote kwenda kuketi naye, mkewe akiwa mstari wa pili na watoto wake wakiwa kwenye kwaya. Bwana Yesu, katika Mathayo 18, aliagiza kuanza wawili peke yao, kisha kwa shahidi mmoja au wawili, na kanisa lije baadaye. Kila hatua ikiinua kidogo. Sisi tunachomeka bisibisi katikati. Na Jumapili inayofuata kiti chake kina mtu, ufunguo wa ghala umebadilishwa, hata jina lake kwenye zamu ya kufagia limefutwa. Halafu tunashangaa kwamba amehamia kwa jirani, au amefungua kanisa lake kwenye turubai mtaa wa pili. Tulitaka arudi wapi? Matundu tumeziba.

Mtume yule yule aliyeandika kwa ukali, katika 2 Wakorintho 2 anasema juu ya mtu aliyeadhibiwa kwamba adhabu aliyopewa na wengi imetosha. Sasa asamehewe, afarijiwe, athibitishiwe upendo, asije akamezwa na huzuni. Yaani wakati wa kumwondoa, nafasi yake iliachwa wazi.

Sisemi kila mkanda unarudi pale pale ulipotoka. Aliyedhulumu mtoto hatarudi kufundisha watoto, hata akitubu kwa machozi, na anayetaka kumrudisha kwa jina la msamaha amewasahau watoto. Aliyekula sadaka anaweza kurudi kanisani mapema na kukaa mbali na sanduku la fedha kwa muda mrefu. Hekima ya mahali pa kurudishia ni kazi ya baraza, nayo inahitaji maombi kuliko kura.

Mstari wa 33 unamtaja msimamizi wa Wamerari: Ithamari mwana wa Haruni. Kwa mujibu wa Kutoka 38:21, ndiye aliyesimamia hesabu ya vitu vya maskani vilipokuwa vikitengenezwa. Na ndugu zake wawili, Nadabu na Abihu, waliondolewa kwa moto siku moja, Walawi 10. Vigingi vilikabidhiwa mtu aliyejua vimetoka wapi, na aliyejua nyumba inakuwaje ikipungukiwa watu.

Baraza letu lina daftari la nidhamu. Lina safu ya jina, safu ya kosa, na safu ya tarehe ya kusimamishwa. Nimemwomba mwandishi achore nyingine mbili: jina la mzee aliyepewa kumtembelea ndugu huyo, na tarehe ya kuzungumzia kurudi kwake. Jumatano jioni, baada ya maombi, tunaanza kuzijaza, kuanzia ukurasa wa kwanza. Wazee waje na kalamu.