Mtoto Wangu ni wa Ngapi?

Taarifa ya shule ifikapo nyumbani, wazazi wengi huitafuta nafasi kwanza: mtoto amekuwa wa ngapi? Kisha karatasi hukunjwa, na mtoto husifiwa au huchapwa. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuseme mtoto alipata alama 48 za Hisabati muhula uliopita, akawa wa 9 katika somo hilo. Sasa amepata 61, naye ni wa 14. Amezidi uvivu? La, amezidi kujua. Ila wenzake nao wamesonga mbele. Nafasi yaeleza habari za watoto wengine kama ielezavyo habari zake. Kumpiga kwa ajili hiyo ni kumwadhibu kwa bidii ya mtoto wa jirani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora; twaona lilifanya vema.

Basi, wazazi wenzetu, zilinganisheni alama za kila somo na za muhula uliopita. Someni na maneno ya mwalimu yaliyoandikwa chini. Tena, mwonapo idadi ya siku ambazo mtoto hakufika shuleni, jiulizeni kwanza: ni nani aliyemtuma kuchunga mbuzi siku zile?